Bima ya Afya Hailipi Mshahara: Pengo Ambalo Madaktari wa Arusha na Moshi Hawajalipima

Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ianze kutekelezwa kwa awamu, madaktari wengi wameijadili kama watoa huduma: kitita kina nini, madai yatalipwa lini, fomu ipi itarudishwa. Ni mjadala halali. Ila ndani yake imejificha dhana inayosemwa kwa wepesi mno, kwamba daktari mwenye kadi ya bima ya afya, anayechangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF au PSSSF, na ambaye mwajiri wake anachangia mfuko wa fidia, WCF, ameshajikinga na ugonjwa. Amejikinga na bili ya ugonjwa. Kipato chake ama hakijakingwa, ama kimekingwa kwa namna isiyofanana na jinsi madaktari wanavyougua hasa. Ninachodai ni kwamba pengo kubwa liko mahali mahususi: ugonjwa usiotokana na kazi, unaozidi miezi minne, unaomzuia daktari kufanya kazi ya ubingwa wake lakini unamwachia uwezo wa kufanya kazi nyingine. Pengo hilo halizibwi na bima yoyote iliyoandikwa neno ulemavu kwenye kipeperushi. Linazibwa, au linaachwa wazi, na sentensi moja au mbili ndani ya mkataba ambazo wengi hawajawahi kuzisoma.

Tuanze na kinga zilizopo, maana zipo na si za kubeza. Ya kwanza ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Watumishi wa umma wana Kanuni zao za Kudumu, lakini kwa daktari wa hospitali ya shirika la dini au ya mtu binafsi, na hao ni wengi sana Kilimanjaro na Arusha, siku 126 ndiyo sakafu ya kisheria, na kwa waajiri wengine ndiyo dari pia. Watu husahau kwamba mzunguko ni wa miezi 36. Aliyelazwa wiki sita mwaka jana ameshazila siku 42 kati ya zile 63 za mshahara kamili, hata kama mwaka huu ameanza na ugonjwa mwingine kabisa.

Kinga ya pili ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mwajiri peke yake ndiye anayechangia, na kwa sasa kiwango ni asilimia 0.5 ya mishahara. Kwa ulemavu wa muda unaotokana na kazi, mfuko hulipa asilimia 70 ya kipato kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hugeuka pensheni ya kila mwezi kwa uwiano wa ulemavu uliopimwa. Kwa kuwa gharama yote iko kwa mwajiri, hii ni kinga nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Tatizo lake liko kwenye maneno matatu: unaotokana na kazi. Daktari aliyejichoma sindano yumo, na aliyeambukizwa kifua kikuu wodini yumo akithibitisha. Aliyepata kiharusi akiwa amelala nyumbani Soweto, Moshi, hayumo. Na kipato kinachohesabiwa ni kile ambacho mwajiri amekiwasilisha, kwa hiyo fedha ya kliniki ya jioni kwenye hospitali nyingine, ambako daktari hulipwa kama mtoa huduma anayejitegemea, haimo kwenye hesabu.

Kinga ya tatu ni mafao ya ulemavu ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Kwa NSSF, kigezo ni kupoteza angalau theluthi mbili za uwezo wa kujipatia kipato, kwa ulemavu unaothibitishwa na bodi ya madaktari kuwa ni wa kudumu, pamoja na sharti la idadi ya michango. Daktari anayesomea ubingwa kwa kujilipia, asiye na mwajiri, anaweza kukaa miaka kadhaa bila mchango mmoja na kujikuta hatimizi sharti hilo. PSSSF hukata michango kwenye mshahara wa msingi, kwa hiyo posho ya kuitwa kazini, ambayo kwa daktari wa upasuaji au wa uzazi ni sehemu nono ya mapato, haichangiwi na haitalindwa. Kinga ya nne ni bima za kundi ambazo mwajiri au benki hununua: bima ya maisha ya kundi yenye kipengele cha ulemavu wa kudumu, bima ya ajali binafsi, na ile bima inayoambatana na mkopo. Hii ya mwisho hulipa deni likaisha, na fedha yake huenda benki. Kwa kawaida husubiri kifo au ulemavu kamili wa kudumu. Miezi minane ya kuugua haiigusi.

Sasa tuzipange kinga hizi nne mbele ya mgonjwa mmoja. Tuseme ni daktari bingwa wa mifupa, miaka 41, ameajiriwa na hospitali isiyo ya serikali mjini Moshi. Mshahara wake ni shilingi 3,200,000, posho ya kuitwa kazini ni kama 400,000, na jioni mbili kwa wiki huenda Arusha kwenye kliniki anayolipwa jumla ya 1,800,000 kwa mwezi. Jumla ni 5,400,000 kabla ya makato. Diski ya shingo inatoka na kubana neva. Mkono wa kulia unakufa ganzi, vidole vinakosa nguvu. Anaweza kukaa, kuongea, kusoma picha za eksirei na kumwandikia mgonjwa dawa. Hawezi kushika drili ya mfupa kwa saa mbili. Siku 63 za kwanza anapokea 3,200,000, na 2,200,000 za posho na kliniki zimetoweka tangu siku ya kwanza. Siku 63 zinazofuata anapokea 1,600,000. Pungufu ni 3,800,000. Baada ya hapo mwajiri halazimiki kumlipa, na anaweza kuanza utaratibu wa kusitisha ajira kwa sababu ya afya, ingawa Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka kwanza apime kiwango cha ugonjwa, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama ipo kazi mbadala. Muda wote huo marejesho ya benki hayasubiri.

Akagonge wapi? WCF watauliza ajali ilitokea lini, na diski ya mtu wa miaka 41 ni vigumu mno kuifunga na siku moja ya kazi. NSSF watauliza kama amepoteza theluthi mbili za uwezo wa kupata kipato kwa kudumu, na bodi ikimwona anaweza kuona wagonjwa wa nje, jibu linaeleweka. Bima ya ajali binafsi haimhusu kwa sababu hakupata ajali, na hata ingekuwa ajali, jedwali lake hulipa kwa kiungo kilichopotea au kilichopoteza matumizi kabisa. Mkono uliolegea haumo. Bima ya maisha ya kundi itafungua ukurasa wa tafsiri na kusoma: kushindwa kabisa na kwa kudumu kufanya kazi yoyote ya kujipatia kipato. Kazi yoyote. Mtu anayeweza kuona wagonjwa wa nje hajashindwa kazi yoyote. Kinga nne, na hakuna hata moja iliyokiuka masharti yake kwa kumnyima.

Hapa ndipo inapofaa kutazama jinsi wenzetu wanavyofanya, si kwa sababu tunaweza kununua bidhaa yao kesho, ila kwa sababu wamelivunja tatizo vipandevipande. Marekani, ambako daktari hana likizo ndefu ya ugonjwa yenye malipo iliyowekwa na sheria ya shirikisho, bima ya kipato cha ulemavu ni miongoni mwa bima za kwanza ambazo daktari hushauriwa kununua, mara nyingi akiwa bado anasomea ubingwa, kabla presha na mgongo havijaingia kwenye faili lake. Mkataba mzuri huko hutambua ulemavu kwa kazi ya mhusika mwenyewe: daktari wa upasuaji asiyeweza kupasua analipwa hata akipata kazi ya kufundisha. Malipo huwa karibu asilimia 60 ya kipato, baada ya kipindi cha kusubiri ambacho kwa kawaida ni siku 90, na gharama kwa daktari huwa kati ya asilimia 1 na 3 ya mapato yake. Asilimia 60 haikuchaguliwa kwa ubahili. Mtu akilipwa sawasawa akiwa kitandani na akiwa kazini, kampuni imemwondolea sababu ya kurudi. Uingereza wana njia tofauti: daktari wa NHS, huduma ya afya ya umma, aliyefikisha miaka mitano kazini hupata miezi sita ya mshahara kamili na sita ya nusu, kwa hiyo bima binafsi hupangwa ianze pale mshahara wa nusu unapoanza au unapokoma. Nchi zote mbili zimeanza kwa kuuliza mwajiri anaacha kulipa lini, ndipo bima inapangwa kuanzia hapo. Sisi tunanunua kwanza, kisha tunauliza.

Kipengele kingine cha mikataba hiyo kinachostahili kuibwa bila aibu ni malipo ya ulemavu wa sehemu. Turudi kwa bingwa wetu wa mifupa. Tuseme bima yake ingelipa asilimia 60 ya 5,400,000, yaani 3,240,000 kwa mwezi akiwa hawezi kitu. Anarudi kazini kuona wagonjwa wa nje tu, anapata 2,000,000. Amepoteza 3,400,000 kati ya 5,400,000, yaani karibu asilimia 63. Mkataba wenye kipengele cha sehemu humlipa asilimia 63 ya 3,240,000, kama 2,040,000. Jumla mfukoni ni 4,040,000, kubwa kuliko angebaki nyumbani, kwa hiyo kurudi kuna faida. Mkataba usio na kipengele hicho unamwambia hivi: ukirudi hata nusu siku, malipo yanakoma. Mkataba wa namna hiyo unaongeza ugonjwa.

Zipo hoja za kupinga, na baadhi zina uzito. Ya kwanza inatoka kwa walioajiriwa serikalini: mtumishi wa umma hatupwi kirahisi, atabadilishiwa majukumu na mshahara utaendelea. Nakubali kwa sehemu kubwa. Daktari wa serikali anayeishi kwa mshahara wa msingi pekee ana kinga ya kutosha kwa miezi mingi, na sitamshauri aanze kukimbizana na mawakala. Ila madaktari bingwa wachache mno wa Arusha na Moshi wanaishi kwa mshahara wa msingi pekee. Kama theluthi au nusu ya mapato inatoka kwenye posho na kliniki za jioni, basi theluthi au nusu ya ada za shule inalipwa na fedha isiyo na mlinzi. Kadiri bingwa anavyofanikiwa nje ya ajira, ndivyo ajira yake inavyomkinga kidogo.

Hoja ya pili ni ya wenye viwanja: badala ya kuilipa kampuni ya bima miaka 20 bila kuugua, nunua ardhi Njiro au jenga vyumba vya kupangisha Usa River, kodi itakulisha. Kwa daktari wa miaka 55 ambaye nyumba zimeisha na wapangaji wamo, hoja hii ni sahihi, na kwake bima ya kipato inaweza kuwa fedha ya kupoteza. Kwa daktari wa miaka 33 mwenye msingi uliofika kwenye linta, imekaa kinyumenyume, kwa sababu kinachojenga nyumba hiyo ni mikono yake ya kesho. Akiugua, ujenzi unasimama, na kiwanja kikiuzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya mwenye shida. Akiba inayofaa kwa kazi hii ni ile inayotoka ndani ya siku chache: akaunti ya benki, mfuko wa ukwasi wa UTT AMIS, au amana za SACCOS ambayo masharti yake ya kutoa umeyasoma. Akiba hiyo haihitaji kuwa kubwa kama watu wanavyotishana. Kazi yake ni kuvusha kipindi cha kusubiri, basi.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa zaidi: daktari hakosi kazi, akishindwa kupasua atafundisha. Nafasi za kufundisha zina bajeti na idadi. Chuo kikuu cha afya hakifungui nafasi ya uhadhiri kwa sababu bingwa fulani ameumwa shingo. Anayepata nafasi hiyo hupata mshahara wa mhadhiri bila posho ya kuitwa kazini na bila kliniki, na huanza ngazi inayotokana na machapisho yake, ambayo daktari aliyetumia miaka 10 chumba cha upasuaji huenda hana. Zaidi ya hapo, hoja hii ndiyo hasa inayompa mwenye bima sababu ya kukataa dai. Kila daktari anayesema naweza kufundisha anathibitisha kwamba tafsiri ya kazi yoyote itamwangukia.

Hoja ya nne, kwamba kampuni za bima hazilipi, inahitaji jibu la kina kidogo kwa sababu ina ukweli uliochanganyika na uzembe wetu. Madai ya kipato hukwama kwa sababu zinazojirudia. Ya kwanza ni kutokutangaza ugonjwa wa awali. Daktari anajiandikia amlodipine miaka mitatu, ananunua dawa duka la jirani, hana faili popote, na kwenye fomu ya maombi anaandika hapana. Siku ya kiharusi, historia inayotolewa mapokezi inasema ana presha ya muda mrefu, na fomu mbili zinagongana. Dawa yake ni rahisi ingawa madaktari huichukia: uwe na faili, utibiwe na daktari mwingine, tarehe zionekane. Kukosa faili huumiza hata asiyeficha kitu, maana hana namna ya kuthibitisha ugonjwa ulianza lini, na barua iliyoandikwa na rafiki waliosoma pamoja haitoshi.

Ya pili ni kipato kisicho na ushahidi. Fedha ya kliniki inayotolewa mkononi ndani ya bahasha haipo machoni pa kampuni ya bima. Hospitali inayomlipa daktari mkazi wa Tanzania ada ya kitaaluma inatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 na kumpa cheti. Watu hukichukulia cheti hicho kama kero ya TRA. Kwenye bima ndicho kinachothibitisha kwamba zile 1,800,000 za Arusha zilikuwepo. Vyeti vya miezi 12 hadi 24, taarifa ya benki inayolingana navyo, na ritani ya mapato: bila hivyo, bima italipa kwa kipimo cha mshahara wa Moshi tu, hata kama ada ililipwa kwa matarajio makubwa zaidi.

Ya tatu ni kushindwa kuonyesha ulikuwa unafanya kazi gani. Hata penye tafsiri ya kazi yako mwenyewe, kampuni itaangalia ulichokuwa ukikifanya miezi ya mwisho kabla ya kuugua, si kile kilichoandikwa kwenye cheti cha Baraza la Madaktari Tanganyika. Bingwa wa upasuaji aliyeteuliwa kuwa mganga mfawidhi na kupasua mara moja kwa mwezi, kwa macho ya mkataba, ni mtawala. Kitabu cha kumbukumbu za upasuaji, pamoja na rejista ya chumba cha upasuaji, ndicho kitakachosema vinginevyo. Ya nne ni kuchelewa kutoa taarifa. Bima ya kundi huisha siku ajira inapoisha, kwa hiyo anayesubiri hadi aachishwe kazi ndipo atoe taarifa ya ugonjwa ulioanza miezi mitano nyuma anajiletea mabishano yasiyo ya lazima. Taarifa ya maandishi itolewe mapema, wakati angali mwajiriwa, hata kama ana matumaini ya kupona. Ikishindikana kabisa, TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ipo, na Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ipo, lakini huko pia wataanza na karatasi.

Upande wa WCF nako kuna jambo dogo lenye uzito mkubwa. Daktari akichomwa sindano, sote tunajua dawa kinga za VVU zianze haraka iwezekanavyo, zisizidi saa 72, na zimezwe siku 28. Kinachorukwa mara nyingi ni kuandika tukio kwenye rejista siku hiyohiyo na kupima damu ya daktari mwenyewe, VVU na homa ya ini B na C, kabla au mara tu baada ya kuanza dawa. Kitabibu, kipimo hicho kinaongoza matibabu. Kifidia, ndicho kinachosema kwamba siku ile ulikuwa salama, na kwamba maambukizi yaliyoonekana baada ya miezi sita yana chanzo kinachojulikana. Bila kipimo cha siku ya kwanza, unabaki na neno lako. Daktari tarajali anayeona aibu kumwambia muuguzi wa zamu kwamba amejichoma anapoteza vyote viwili, dawa na ushahidi.

Kwa nini basi hatuuziwi bima ya kipato yenye tafsiri nzuri, kama soko la madaktari lipo? Jibu la kawaida ni kwamba kampuni zetu zimelala. Nadhani linakosea. Kumlipa mtu wa miaka 35 hadi afike 60 ni ahadi ya miaka 25, na kampuni inayoweka ahadi hiyo inahitaji takwimu za ugonjwa za watu wanaofanana naye, kundi kubwa la kutosha ili wagonjwa wachache wasilizamishe, na kampuni ya bima mtawanyo ya kubeba sehemu ya mzigo. Kinachokosekana hapa ni hayo, pamoja na uhakika wa kipato nilioueleza. Mahali pa kuwekeza fedha za muda mrefu si kikwazo tena, kwa kuwa Benki Kuu huuza hatifungani za serikali za miaka 20 na 25. Ukiongeza kwamba daktari mmojammoja anayekuja kuulizia bima ya ulemavu mara nyingi ni yule ambaye tayari ameanza kuhisi ganzi mkononi, utaelewa kwa nini kampuni humpa bei ya kumfukuza. Njia inayotekelezeka ni kundi: wafanyakazi wote wa hospitali, wanachama wa SACCOS ya hospitali, au wanachama wa Chama cha Madaktari Tanzania, wote wakiingia, wagonjwa na wazima, bila kuchaguana. Kundi likiwa kubwa, kampuni hukubali kusamehe vipimo vya afya hadi kiwango fulani cha malipo, na hapo hata mwenye kisukari anapata kinga ambayo peke yake asingeipata kwa bei yoyote.

Na hospitali nyingi zina mkataba wa kundi tayari, unaohuishwa kila mwaka na ofisa rasilimali watu pamoja na dalali wa bima bila daktari hata mmoja kuwepo. Miezi miwili kabla ya kuhuishwa ndiyo nafasi ya kuusoma, na ni mkataba wenyewe wa kuombwa, kwa kuwa kipeperushi huishia pazuri. Kitu cha kwanza kutafutwa ni tafsiri ya ulemavu. Tafsiri ya kazi yako mwenyewe hadi kustaafu itakuwa ghali kwa kundi lenye wahasibu na walinzi ndani yake. Kuna kituo cha kati ambacho bima za kundi za nchi nyingi hutumia: kwa miezi 24 ya kwanza, kushindwa kutekeleza majukumu makuu ya taaluma na ubingwa aliokuwa akiufanya mara kabla ya kuugua, baada ya hapo, kushindwa kazi yoyote inayomfaa kwa elimu, mafunzo na uzoefu wake. Maneno hayo ya mwisho, elimu, mafunzo na uzoefu, yana thamani yake, kwani yanazuia kampuni kumwambia bingwa kwamba anaweza kuuza vocha. Baada ya tafsiri, tazama kama mkataba unalipa kwa mkupuo au kwa mwezi. Mkupuo wa mishahara ya miaka mitatu ni mkubwa machoni na mfupi kwa mtu wa miaka 38 mwenye watoto wa chekechea.

Kipindi cha kusubiri kipangwe na kalenda ya likizo ya ugonjwa. Siku 180 ni nafuu kuliko siku 90, lakini mwajiri anaweza kuacha kulipa siku ya 126, na hapo kuna siku 54 za ukame. Kumbuka pia kwamba malipo hutolewa mwishoni mwa mwezi unaolipiwa, hivyo kusubiri siku 90 maana yake ni fedha ya kwanza kuonekana karibu siku ya 120, na kusubiri siku 180 ni karibu siku ya 210. Umri wa mwisho nao uangaliwe: mikataba mingi hukoma miaka 60, wakati daktari bingwa katika utumishi wa umma anaweza kufanya kazi hadi 65, na aliyejiajiri zaidi ya hapo. Kuhusu mfumuko wa bei, Benki Kuu inalenga kati ya asilimia 3 na 5. Kwa asilimia 4, shilingi milioni 3 zisizoongezeka zinabaki na nguvu ya nusu baada ya miaka 18. Anayeugua akiwa na miaka 57 hahitaji nyongeza. Anayeugua akiwa na miaka 34 bila nyongeza atalipwa fedha inayosinyaa kila mwaka.

Vipengele visivyofidiwa visomwe kwa jina. Magonjwa ya akili na sonona mara nyingi hupewa kikomo cha miezi 24 au huondolewa kabisa, na katika fani yenye zamu za usiku kama hii, kuyaondoa ni kuchomoa sehemu halisi ya hatari. Bima nyingi za ajali binafsi huondoa pikipiki, na si daktari tarajali mmoja tu anayewahi zamu kwa bodaboda. Ujauzito wa kawaida huondolewa kwa haki, ila matatizo makubwa ya ujauzito yanapaswa kubaki ndani, jambo ambalo madaktari wanawake wanapaswa kulidai kwa maandishi. Halafu kuna swali la daktari anayehama, kutoka Moshi kwenda Arusha au kutoka ajira kwenda masomoni: mkataba wa kundi unamruhusu kuendelea kwa kulipa mwenyewe bila kupimwa upya, au anaanza sifuri? Kwa wanaoingia ubingwa bila mwajiri, hili ndilo linaloamua kama miaka ya masomo itapita bila kinga yoyote.

Dalali aombwe bei mbili za maandishi, moja kwa tafsiri ya sasa, nyingine kwa ile ya miezi 24, na bei ya tatu kwa madaktari peke yao kama daraja tofauti ndani ya mkataba uleule. Mwajiri akikataa kulipa tofauti, madaktari wanaweza kukatwa kwenye mshahara kwa ridhaa yao na daraja lao likabaki ndani ya mkataba wa hospitali. Kwa wenye kliniki za pembeni, fomu ya kundi iwe na safu ya kipato cha ziada kinachothibitishwa kwa vyeti vya kodi ya zuio. Kama haina, chochote kinachopatikana baada ya saa kumi jioni kiko nje ya bima, na akiba ya mhusika ipangwe kwa hesabu hiyo.